Mlango wa Ghorofa ya Tatu

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua hayaniachi. Ofisini wanawasha kiyoyozi kama vile sisi ni nyama. Mwenye nyumba wangu ameanza kufuga njiwa darini, kwa hiyo naamka kabla ya muuza maziwa. Baba anaendeleaje na mguu? Mwambie ile miwani sikuinunua ikae kabatini.

Nimepewa faili langu la kwanza la peke yangu. Unajua kazi ya ofisi yetu: kanuni yoyote kabla haijapitishwa, sisi tunaipima, itagharimu nini na italeta faida gani. Faili langu ni la lifti za mizigo. Wizara inataka kila lifti ya namna hiyo iwe na mlango wa chuma usiofunguka mpaka lifti yenyewe iwe imefika. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu nikaliona shimo la lifti la kiwandani kwenu, ghorofa ya tatu, na mstari mweupe sakafuni, na mkono wako umenibana kifundo cha mkono nilipokuja kukuletea chakula nikiwa mdogo.

Milango ina bei, hilo ni rahisi. Upande wa pili wa mizani wapo watu ambao hawataanguka, na hao hawana bei, kwa hiyo inabidi tuitafute. Hatumuulizi mtu uhai wake ni kiasi gani. Tunamuuliza angekuwa tayari kutoa kiasi gani kwa mwezi ili hatari fulani, ndogo, iondoke. Tukikusanya majibu ya wengi, thamani inapatikana. Najua umekunja uso. Kunja, lakini nisikilize. Zamani mlango uliwekwa pale alipofanya kazi binti wa mkubwa fulani, na kwingine wakaomba Mungu. Hesabu haina ndugu. Ndiyo sababu naipenda.

Fomu zitaletwa kiwandani kwenu. Sikuwachagua mimi, mmetoka kwenye kura. Wasaidie wasiojua kusoma. Na nakuomba usimwambie mtu kwamba una mtoto huku.

Nabusu mikono yako,
Binti wa kaka yako


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe, na kilichopungua mguuni kimehamia mdomoni. Miwani anaivaa akisikiliza redio. Jino langu limeng'olewa, usinipe pole, lilikuwa na kiburi.

Fomu zako zilikuja. Meneja alizibwaga kwenye meza yangu ya usimamizi mchana, akasema ziwe tayari kabla ya kengele ya jioni na cherehani zisisimame. Basi nikazijaza mimi mwenyewe, zote, kwa mkono huu uliokufundisha herufi. Wenzangu waliweka dole gumba tu na kuendelea kushona. Nimemtendea haki kila mmoja, usiwe na wasiwasi. Kasuku, yule mshonaji wa safu ya dirishani asiyejua kunyamaza, akaniuliza, "Dada, serikali inatuuliza tutatoa ngapi? Si iseme tu inataka ngapi?" Nikamwambia, "Shona wewe, kola inakwenda upande."

Lifti siku hizi ina tabia mpya. Inapanda bila kuitwa. Tunasikia mnyororo, inafika kwetu, inasimama, taa yake inawaka, na ndani hamna mtu wala jora la kitambaa. Inakaa kidogo, kama anayemsubiri mwenzake avae viatu, halafu inashuka. Fundi anasema ni umeme. Wa kwangu nyumbani haujawahi kusubiri mtu.

Kula vizuri. Mtu mwembamba hasikilizwi ofisini.

Shangazi yako wa cherehani


15 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Kazi ilikuwa nyingi. Njiwa wamezaa. Nilimwona binamu sokoni amenenepa, anakusalimu, anasema atakuja mwezi ujao, kama anavyosema kila mwezi.

Faili linaendelea. Siruhusiwi kusema zaidi, na kwa kweli hakuna la kusema.

Nataka kukuuliza jambo dogo. Ukumbini kwenu mko wangapi, wewe ukiwemo? Zimenifikia fomu arobaini na moja. Arobaini zina jibu lile lile, kiasi kile kile kidogo. Ya arobaini na moja haina kiasi. Mahali pa kiasi pameandikwa "Ni mimi." Basi, maneno mawili na nukta. Hapo pa dole gumba pako patupu.

Utaratibu wetu ni kwamba jibu lisilo namba huondolewa kabla ya kukokotoa, kwa hiyo niliiondoa. Lakini, Shangazi, ni mwandiko wako. Ile "m" yako yenye kitovu, mtu mwingine hawezi kuiandika. Ulikuwa umechoka? Ulikuwa unafanya mzaha? Niambie ulikuwa mzaha.

Hesabu inasema kwamba katika jengo kama lenu huanguka mtu mmoja kila miaka tisa. Ni wastani tu. Naandika ili ujue ni nadra.

Nakukumbuka,
Binti wa kaka yako


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa salama. Baba yako amegombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, wamepatana, wamegombana tena. Nimenunua viatu vipya, usiniulize vya zamani viko wapi.

Ukumbini tuko arobaini pamoja nami. Nilijaza arobaini. Mzaha na karatasi ya serikali sijawahi kufanya, na "ni mimi" ningeandika kwa nani?

Ila nikueleze la mikasi. Unajua kila asubuhi nagawa mikasi na jioni naikusanya, kila mmoja umechorwa namba kwenye mpini, moja mpaka arobaini. Wiki iliyopita jioni nilikusanya arobaini na moja. Nikarudia. Wa ziada ni mpya, haujachorwa namba, haujawahi kukata kitu, bado una mafuta ya dukani. Nikauliza wa nani, wakatazamana. Niliuweka pembeni. Kesho yake asubuhi nikagawa arobaini, ule haupo. Jioni, ukarudi.

Umesema mmoja kila miaka tisa. Aliyeanguka mwisho ni yule msichana aliyekuwa akishona vifungo, na mwaka huu ni wa tisa. Basi niulize nawe, wewe uliyesoma: huyo wa zamu hii yumo tayari humu ndani, au bado hajaajiriwa?

Redio imesema milango imekataliwa. Eti mtaalamu mmoja amekokotoa na gharama imezidi faida. Baba yako alivua miwani. Unamfahamu huyo mtaalamu? Kama unamfahamu, muulize: na mchango wetu nani atakuja kuuchukua? Nimeshaukusanya wote, uko kwenye kopo la biskuti kabatini kwangu.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo na naijibu leo.

Mchango gani? Swali halikuwa la mchango. Hakuna mtu ambaye angekuja kuchukua pesa. Tuliuliza mngekuwa tayari kutoa kiasi gani, yaani kuondoka kwa hatari kuna thamani gani kwenu. Jibu la kila mtu lilitakiwa kuwa lake. Uliandika kiasi ambacho hakifiki bei ya mche wa sabuni, mara arobaini. Mashine haikujua kwamba ni mkono mmoja. Ilisema wanawake arobaini wanajithamini hivyo, wote kwa kauli moja, na majibu yenu ndiyo yaliyovuta wastani wote chini, kwa sababu kwingine walijibu ovyo ovyo na yenu yalionekana safi. Niliyasifu kwenye taarifa.

Mtaalamu ni mimi. Niliandika gharama imezidi faida na nikatia sahihi. Nilijua tangu Machi kwamba milango itakataliwa, na barua ya Aprili nilikuandikia nikijua.

Acha kazi, Shangazi. Nitakutumia nusu ya mshahara wangu kila mwezi, wewe na baba. Usiende tena kwenye ukumbi ule. Wiki hii hii. Nakupigia magoti.

Mwanao


20 Juni

Salamu utazikuta mwisho, kama zitatosha.

Kwanza, kiasi. Ukumbini kwetu kila mchango una kiasi kimoja. Akifiwa mtu, akijifungua mtu, nakata kiasi ambacho aliye chini kuliko wote anaweza kukitoa bila kukopa, na wote wanatoa hicho hicho, hata wenye uwezo. Ndivyo asivyoaibika mtu. Mwaka huu aliye chini ni yule mjane wa safu ya mlangoni, mwenye watoto wanne. Ulipouliza tutatoa ngapi ili mlango uwekwe, nilimtazama yeye, nikaandika anachoweza. Kumbe ulikuwa unapima kitu kingine. Ungetuuliza hivi: mlango mnautaka? Ungepata jibu kabla chai haijapoa.

Pili, viatu. Mwezi wa nne nilikuwa nimekumbatia jora lililoniziba macho, nikasikia lifti imefika, nikaona taa yake kwa chini. Nikainua mguu kuingia. Mtu akanishika gauni kwa nyuma. Kiatu kikaenda, sikukisikia kikifika chini. Nilipogeuka kumshukuru, wote walikuwa wamekaa kwenye cherehani zao, wa karibu kabisa hatua kumi. Na taa haikuwepo. Lifti ilikuwa chini kabisa muda wote. Sikukuambia kwa sababu ungeandika barua kama hii uliyoandika.

Tatu, niache kazi. Nimelifikiria siku arobaini, ndiyo maana nimekawia. Nikitoka mimi, meneja ataajiri mwingine kesho yake. Hesabu yako inataka mmoja, haijasema shangazi wa nani. Utakuwa umebadilisha jina tu, uweke la mtu usiyemjua, upate usingizi. Si wewe uliyesema hesabu haina ndugu? Nilipoisoma ile nilijivuna, nikamsomea baba yako. Sasa shangazi yako mwenyewe amekaa kwenye mizani, unataka umtoe kwa mlango wa nyuma.

Sitoki.

Baba yako mzima. Anakusalimu. Mimi pia.


30 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imechanika. Baba nimempigia simu kwa jirani, tumezungumza habari za kamba ya nguo tu.

Nilikwenda kwa mkuu wetu. Tunamwita Nusu, kwa sababu hakuna anachokikubali kizima. Nikamwambia fomu za kiwanda cha nguo ni mbovu.

"Mbovu vipi? Uliziita safi kuliko zote."

"Amejibu mtu mmoja, Mzee. Alidhani ni mchango."

Alicheka, si kwa ubaya. "Na ile moja uliyoitoa, nayo ni mchango?"

Nilimpa. Aliitazama muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza na kuweka kikombe juu yake.

"Sikiliza, binti," akasema. "Pesa ya milango hii ingechimba visima mia mbili. Kuna watoto watakunywa maji ya dimbwi kwa sababu ya mlango wako. Hawajakuandikia barua, hiyo tu ndiyo tofauti. Unafikiri mimi sina shangazi?"

Sikuwahi kumwambia nina shangazi. Na visima alivyovitaja ni vya kweli, sitaki kujifanya si vya kweli. Nilimwambia tu kwamba nilitia sahihi uongo, na kwamba taarifa mbovu haichimbi kisima pia.

Tumekokotoa upya bila fomu zenu. Sasa faida inazidi gharama, lakini si kila mahali. Nusu amefanya alivyozoea: mlango utakuwa lazima katika ghorofa yenye watu zaidi ya arobaini. Arobaini kamili haimo. Kiwanda chenu kimeandika arobaini.

Meneja wenu anajua hilo, na sisi tunajua anajua. Kwa hiyo anatumwa mtu kuhesabu vichwa kwa macho yake, na anayetumwa ni mimi, tarehe kumi na tisa Agosti. Ukiniona usinisalimu. Usinitazame.

Mwanao


22 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, ile niliyoimeza Jumanne. Umekonda. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja, na hukuniandikia.

Ulikuwepo, lakini yapo ambayo hukuyaona, na sitaki uyasikie kwa mwingine.

Nilianza safu ya dirishani, kwa Kasuku, nikaishia kwako. Arobaini. Nikaanza kwako nikarudi. Arobaini. Mara ya tatu nilihesabu cherehani zinazolia, nikakujumlisha na wewe. Arobaini. Ulikuwa umesimama kando ya shimo, na mkono wako wa kushoto umeunyoosha pembeni, chini kidogo ya bega, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Hapakuwa na mtu mkononi mwako. Wanawake waliopita na majora walikuwa wanauzunguka ule mkono, na kuzunguka nafasi ya hatua moja mbele yake.

Nikaandika arobaini na moja. Ni namba ya kwanza ya uongo niliyoiandika kwa kukusudia.

Meneja alisoma juu ya bega langu. "Dada, hapa ni arobaini. Nawalipa mimi."

"Nimehesabu mara tatu."

"Basi tuhesabu ya nne, kwa sauti."

Akatembea akinyooshea kalamu kila kichwa. Wewe ulikuwa umeangalia chini. Mimi nilikuwa natazama midomo yake, na nilishajiandaa kufukuzwa kazi. Alipofika kwako akasema arobaini. Kalamu haikushuka. Ikasogea kidogo, upande wa mkono wako, na akasema, "Na moja." Kisha akaitazama kalamu kana kwamba imemtusi. Akasaini. Hakunisindikiza.

Nilishuka kwa ngazi, si kwa lifti. Ghorofa ya pili nikasikia hatua nyuma yangu, za mtu asiyezoea ngazi, anayeweka miguu yote miwili kila kidato. Sikugeuka. Getini mlinzi akanisogezea kitabu cha wageni. "Saini hapa. Na mwenzako naye asaini." Aliyasema huku akitafuta kifuniko cha kalamu, hakuinua hata uso. Nikasaini mistari miwili. Wa pili sikujua niandike jina gani, nikaandika saa ya kutoka tu.

Jana mwenye nyumba kaniuliza mgeni wangu atakaa siku ngapi.

Mwanao


11 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na ile ya Jumanne naipokea pia. Baba yako anatembea mpaka kwa jirani na kurudi bila fimbo, wanagombana vizuri zaidi akiwa amesimama.

Mlango umewekwa tarehe tatu. Ni mzito, una kelele, na unachelewesha kazi. Kasuku ameulalamikia tangu siku ya kwanza, huku ameuegemea. Meneja anasema tumepunguza mashati thelathini kwa siku. Sibishi, huenda ni kweli, na huenda kuna mahali mtu anayakosa. Mchango nimewarudishia wenyewe. Lifti haipandi tena bila kuitwa. Mikasi ni arobaini asubuhi na arobaini jioni, na mkono wangu wa kushoto, uliokuwa baridi tangu mwezi wa nne, umepata joto.

Ng'ambo ya barabara kuna washona viatu. Ghorofani kwao wako thelathini na wanane. Shimo lao liko wazi kama kinywa. Juzi msimamizi wao alinisimamisha akaniuliza sisi tulifanyaje mpaka tukapata. Nilimwambia tulihesabiwa. Akasubiri niendelee, nikavuka barabara.

Sasa la mgeni wako. Barua yako ya Agosti nimeijibu mara tano na kuchana mara tano. Nilidhani huyo wa arobaini na moja akishaandikwa atatulia, kumbe alitaka tu kuondoka mahali hapa, na aliyekuwa anaondoka ni wewe. Mimi uliniomba niache kazi, nikakukatalia kwa maneno makali. Leo nakuomba mimi. Acha hizo hesabu, rudi nyumbani, chumba chako kiko vile vile. Najua utakachonijibu, kwa sababu nilikujibu mimi kwanza: ukitoka wewe, atakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine hana shangazi wa kumwonya.

Basi angalau nifanyie hili. Umesema anaweka miguu yote miwili kila kidato, maana yake ngazi bado hajazijua. Usimwache atangulie, wala usimwache nyuma yako, shukeni bega kwa bega. Na ndani ya nyumba mpe kiti, mkalishe mbali na ngazi.

Shangazi yako